Kura na Deni: Fundisho Kutoka kwa Wakulima wa Kahawa wa Mbinga



Mkutano mkuu ukikaribia, wako wasemao: "Kura yangu moja itafaa nini, na bei hupangwa ng'ambo?" Ni kweli, bei ya karafuu hatuipangi sisi. Lakini kura na bei zina udugu wa karibu. Leo twapenda kuueleza udugu huo kwa habari za wenzetu wa Mbinga. Zao lao ni kahawa, ila soko lao, kama letu, liko mbali na shamba.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1819 huko Marekani bei ya pamba ilianguka, na benki zilizokuwa zimekopesha kwa wingi zikadai fedha zao. Wakulima wengi walipoteza mashamba. Katika baadhi ya majimbo asiye na mali hakuwa na kura. Basi aliyepoteza shamba aliweza kupoteza na sauti, wakati ule ule alipoihitaji zaidi. Madai ya kuondoa sharti la mali yalianza kabla, lakini dhiki ile iliyatia nguvu. Jimbo la New York lililiondoa mwaka 1821 kwa wanaume weupe tu. Mwanamume mweusi alitakiwa awe na mali ya dola 250, na wanawake hawakupewa kura kabisa.

Sasa tuje kwetu. Mbinga iko kusini mwa Tanzania Bara, katika milima ya Wamatengo. Ukishuka upande wa magharibi wafika Mbamba Bay na Liuli, ufuoni mwa Ziwa Nyasa. Ushirika huko si jambo geni. Chama Kikuu cha Wangoni na Wamatengo kilianzishwa mwaka 1936, kwanza kwa ajili ya tumbaku. Mkulima alipiga kura katika chama chake cha msingi, nacho kikatuma wajumbe kwenye chama kikuu.

Mwaka 1976 Serikali ilivifuta vyama vikuu vyote vya Bara. Kahawa ikashikwa na Mamlaka ya Kahawa, ambayo wakuu wake waliteuliwa kutoka juu. Mkulima aliendelea kuchuma, lakini hakuweza tena kumwondoa kwa kura aliyeshika fedha zake. Mamlaka za mazao zikakopa sana benki, gharama zikapanda, na sehemu ya bei iliyomfikia mkulima ikapungua. Juu ya hayo mafuta yalipanda bei, na vita vya Kagera vya 1978–79 vikala fedha nyingi. Nchi ikaishiwa fedha za kigeni.

Ndipo kura ilipoanza kurudi, hatua kwa hatua. Sheria ya 1982 ilirudisha vyama vya ushirika, ingawa chini ya kivuli cha chama tawala. Mwaka 1986 Serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na biashara ikaendelea kulegezwa. Sheria ya 1991 ikafanya uanachama wa ushirika uwe wa hiari. Mwaka 1992 vyama vingi vya siasa viliruhusiwa, na mwaka 1995 wananchi wakachagua kati ya vyama. Hatusemi dhiki ya fedha ndiyo sababu pekee, lakini ilikuwa sababu kubwa.

Hata hivyo, kurudi kwa kura hakukufuta madeni. Mapatano ya mataifa ya kugawana soko la kahawa yalivunjika mwaka 1989, bei ikaanguka. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa. Chama Kikuu cha Mbinga, MBICU, kikaelemewa na madeni, kikaporomoka katika miaka hiyo ya 1990.

Fundisho ni hili: wenzetu walipata kura baada ya hasara, sisi tunayo kabla. Kura haipandishi bei, ila humchagua mtu atakayetia sahihi mkopo kwa jina letu. Basi mkutanoni, kabla ya kuinua mkono, kila mwanachama aulize mambo matatu: Jumuiya yadaiwa kiasi gani? Yadaiwa na nani? Deni litalipwa kwa mavuno ya msimu upi? Asiyejibiwa asiinue mkono. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.