Mchago Ndio Nini?

Jumamosi iliyopita nilihudhuria ufunguzi wa duka kubwa la samani jijini Nairobi. Utepe ulikatwa, tarumbeta zikalia, nasi tuliokuwa tumepanga foleni tangu asubuhi tukamiminika ndani. Sikwenda kutafiti lugha. Nilikwenda kumtafutia mama kitanda, maana bei zilitangazwa kuwa zimepunguzwa kwa siku hiyo moja.

Duka lilipendeza, sikatai. Lakini katika orofa zake zote sikuona kibandiko hata kimoja cha Kiswahili. Nilimwuliza kijana aliyenihudumia iwapo mchago wa kitanda fulani ulikuwa wa mvule au wa plaiwudi. Akanikodolea macho.

"Mchago ndio nini, mzee?"

Simlaumu. Nani alimfunza? Mafundi wa pwani walikipa kila kiungo cha kitanda jina lake: miguu ni matendegu, mbao ndefu za ubavuni ni mifumbati, zile fupi za kichwani na miguuni ni vitakizo, na upande wa kulaza kichwa ndio mchago. Walimu wenzangu, hebu waulizeni wanafunzi wenu kesho, kisha mjiulize na nyinyi. Wala siwapingi wanaokopa maneno. Meza tuliipata kwa Wareno, sanduku kwa Waarabu, kabati kwa Waingereza, na hakuna aliyepungukiwa.

Hayo yangebaki manung'uniko ya mwalimu wa isimu, lau si jambo nililolishuhudia penye malipo. Mbele yangu mzee mmoja na mkewe walikuwa wakichukua makochi kwa kulipa kidogo kidogo. Mkataba ulikuwa wa kurasa nne, zote za Kiingereza. Mzee, kalamu mkononi, akanigeukia.

"Mwanangu, hebu nisomee. Hapa wanasemaje?"

Nikamsomea. Akikosa kulipa miezi miwili, makochi yatachukuliwa, na fedha alizokwisha kutoa hazitarudishwa. Mkewe akamshika mkono.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidike na anachokinunua. Nilimweleza meneja hayo. Akanijibu, kwa Kiingereza kizuri sana, kwamba hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Duka lilikuwa halijatimiza saa tatu tangu lifunguliwe!

Mzee aliirudisha kalamu mezani bila kutia sahihi. Akaniomba nimwandikie yale masharti kwa Kiswahili, akayatafakari nyumbani pamoja na wanawe. Karatasi sikuwa nayo. Nikamwandikia nyuma ya tangazo la ufunguzi, upande uliokuwa mweupe.