Ndoo ya Bibi na Ngama ya Chombo

Likizo iliyopita tulikuwa barazani huko Lamu, bibi mmoja akamwita mjukuu wake aliyekulia Nairobi: "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Mtoto akaondoka mbio, akarejea na ndoo tupu mkononi. Sote tulicheka, ila bibi hakucheka. Kwa Kiamu "ndoo" ni njoo, kama vile ndia ni njia na mato ni macho. Alitaka kumkumbatia tu.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiyasikiliza maneno yetu kwa sikio jingine. Harusini husemwa sana, "Wendapo tezi na omo, marejeo ni ngamani." Omo ni mbele ya chombo, na tezi ni nyuma. Ngama ni kule chini ndani, yanakokusanyika maji yanayovuja, na baharia huteremka kuyafua. Basi marejeo yenyewe si penye usukani alipo nahodha, jina tulilolipata kwa Waajemi kwa maana ya bwana wa chombo. Marejeo ni penye kazi na unyevu. Wangapi kati ya wanaoisema methali hii mbele ya maharusi wanalijua hilo?

Na msidhani, mama zetu, kwamba maneno ya bahari ni ya wanaume peke yao. Makumbi ya nazi yalifukiwa pwani mpaka yakalainika, kisha wanawake wakayaponda wakapata usumba, wakasokota kamba. Kwa kamba hizo mbao za mtepe zilishonwa, bila msumari, na tanga lake lilikuwa mkeka.

Katika Suratul Qamar, aya ya 13, jahazi la Nabii Nuhu, alayhis salaam, limetajwa kwa mbao na dusur. Wafasiri wengi wamesema dusur ni misumari. Lakini wapo wanalugha wa Kiarabu waliosema ni kamba za nyuzi za mtende zinazofungia mbao. Aliyewahi kuuona mfano wa mtepe haoni ajabu kwa kauli hiyo ya pili.

Tulipofika aya hiyo chuoni, tuliwaonyesha wanafunzi kipande cha kamba ya usumba. Hakuna aliyeijua. Tukawatuma wakaulize kwa bibi zao. Kesho yake binti mmoja alikuja na kamba nyingine, mpya, iliyosokotwa usiku ule.