Mbuzi wa Ujiji anapokaribia kuzaa: alambe jiwe au ale pumba?

Mbuzi wa Ujiji hana haja kubwa ya mchungaji. Asubuhi hufunguliwa, akajitafutia riziki kandokando ya barabara na chini ya miembe, akaokota maganda ya mihogo na ya ndizi nyuma ya nyumba za watu, na jioni akarudi kwao bila kuitwa. Asiyeachiwa hushinda amefungwa kamba kwenye kigingi, na duara la nyasi linalomzunguka ndilo shamba lake lote. Kwa miezi mingi ya mwaka maisha hayo yanamtosha. Yanaanza kumpiga chenga katika wiki sita za mwisho za mimba na wiki chache za mwanzo za kunyonyesha, hasa zikiangukia kiangazi, kuanzia Juni hadi mvua zirudi Oktoba au Novemba.

Hapo ndipo mfugaji anapoingia duka la dawa za mifugo na kuuliza: nimpe nini? Jibu jepesi ni jiwe la kulamba. Linafungwa kwa kamba kwenye nguzo ya banda, mbuzi analilamba anapotaka, na mwenye mbuzi anaondoka na roho yake imetulia. Uingereza na Ireland wafugaji wa kondoo wana kitu cha jamii hiyo lakini kikubwa zaidi: ndoo iliyojaa mchanganyiko mgumu wa molasesi, madini na vitamini, inayowekwa malishoni wakati kondoo wanakaribia kuzaa. Huko mjadala wa kama ndoo hizo zinalipa hauishi, na hoja zake zinafaa kusikilizwa hata huku Kigoma, kando ya ziwa.

Mimba ya mbuzi huchukua siku zipatazo 150, ya kondoo pungufu kidogo, kama 147. Kwa miezi mitatu na nusu ya kwanza kitoto kilicho tumboni ni kidogo na hakidai mengi. Karibu asilimia 70 ya uzito atakaozaliwa nao huja katika zile wiki sita za mwisho. Wakati huohuo mfuko wa uzazi unatanuka na kulibana tumbo la chakula. Kwa hiyo mama anahitaji chakula kingi zaidi katika kipindi ambacho nafasi ya kukiweka inapungua, na majani yaliyobaki nje ni makavu, yenye kujaza tumbo bila kuleta nguvu. Akiwa na mapacha hali ni mbaya zaidi. Mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake kwa kasi, ini linashindwa kuyamudu, damu inajaa ketoni. Mbuzi anajitenga, anasusa kula, anatembea kama asiyeona, kisha analala na hainuki. Kwa kawaida mwenye mbuzi husema amelogwa au amekula sumu. Sumu hiyo imetoka ndani ya mwili wake mwenyewe kwa sababu ya njaa, na humpata hata mbuzi mnene.

Sasa tupige hesabu. Mbuzi wetu wa kienyeji mwenye kilo 30, karibu na kuzaa, anahitaji nishati inayokaribia megajuli 8 kwa siku. Jiwe la kawaida la madini, ambalo mbuzi hulilamba gramu kumi au ishirini, halimpi nishati yoyote ya kuhesabiwa. Hata ile ndoo ya Uingereza, akila gramu 100 kwa siku, humletea kama megajuli 1.2. Gramu 300 za pumba za mahindi zinampa zaidi ya megajuli 3, na pumba zinapatikana kwenye kila mashine ya kusaga kuanzia Mwanga hadi Kasulu.

Tena kulamba ni hiari. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1981, uliopima kondoo karibu 3,000 katika mashamba kadhaa, uliona kwamba takriban mmoja kati ya watano hakugusa kabisa chakula cha kulamba alichowekewa. Wengine walizidisha. Asiyelamba, mara nyingi, ni yule mnyonge anayesukumwa na wenzake, na huyo ndiye aliyekuwa na shida tangu mwanzo.

Je, jiwe halina kazi? Linayo, ila ni kazi ya chumvi na madini. Na chumvi kwa mkoa huu si jambo geni. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, jirani na mahali mto Ruchugi unapoungana na Malagarasi, zimechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts waliandika habari zake mwaka 1968. Misafara ya karne ya 19 iliyokuwa ikielekea Ujiji ilipita Uvinza, na chumvi yake ilisambaa mbali pande zote za ziwa. Ni chumvi nzuri. Lakini kilicho muhimu kwa mama mwenye mimba ni madini joto, yaani aidini, na hayo huongezwa kiwandani.

Kwa nini aidini? Kwa sababu ya muhogo. Kigoma inakula muhogo, na mifugo yake pia: maganda, majani, hata mizizi iliyoharibika. Mwili unapoivunja sumu ya sayanidi iliyo kwenye muhogo hubaki na kemikali inayoizuia tezi ya shingo kuchukua aidini. Mama mwenye upungufu huzaa vitoto dhaifu, wakati mwingine vyenye uvimbe kooni, ambavyo havina hata nguvu ya kusimama na kutafuta chuchu. Mfugaji asiyeweza kununua jiwe anaweza kuchanganya kijiko cha chai cha chumvi ya mezani yenye madini joto kwenye pumba za mbuzi wake, na majani ya muhogo ayaanike kwanza mpaka yakauke.

Kisha kuna utajiri ambao mikoa mingi haina. Kigoma ndiko kwenye mchikichi. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipolivalia njuga zao hilo, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu na miche ya Tenera, ambayo tunda lake lina nyama nene kuliko Dura ya asili. Nyama ya tunda inatoa mawese. Kokwa ikivunjwa, ndani mnatoka mise, na mafuta ya mise huishia kwenye sabuni. Yanayobaki ni mashudu: makavu, ya kahawia, yenye punje za gamba zinazokwaruza vidole. Yana protini asilimia 14 hadi 18, kwa kawaida kuliko pumba, na mtu aliye karibu na wakamuaji huyapata bila kuagiza lori kutoka mbali.

Mbuzi hayapendi siku ya kwanza. Ukimwekea makavu atayapulizia pua na kugeuka. Yakichanganywa na pumba, sehemu mbili za pumba kwa moja ya mashudu, yakanyunyiziwa maji hadi yashikane mkononi, atayazoea ndani ya wiki.

Kwa kondoo, hapana budi kuonya. Mashudu ya mise yana madini ya shaba kwa wingi, na kondoo ni mnyama asiyeweza kuitoa shaba mwilini kwa urahisi. Huirundika kwenye ini. Nchini Malaysia, ambako michikichi imejaa, kondoo waliolishwa mashudu haya kama chakula kikuu kwa miezi walikufa: macho ya njano, mkojo wa rangi ya kahawa, kisha kifo ndani ya siku chache. Kiasi kidogo kwa wiki sita hakina tatizo. Kumshindisha kondoo kwa mashudu mwaka mzima ni kumwua polepole. Kosa lilelile hufanywa na anayenunua jiwe la madini la ng'ombe na kumpa kondoo, kwa kuwa la ng'ombe huwekewa shaba makusudi. Mbuzi anavumilia zaidi.

Kujua nani aongezewe hakuhitaji mizani. Mkono unatosha: viganja vipite mgongoni nyuma ya mbavu za mwisho, vidole vikibonyeza pande mbili za uti. Ukiihisi mifupa mikali, vidole vikaingia chini ya ncha zake bila kizuizi, huyo amekonda na kuanza kumlisha wiki mbili kabla ya kuzaa ni kuchelewa. Mifupa ikiwa mviringo chini ya nyama, yuko sawa. Usipoihisi kabisa, amenona, na pumba nyingi zitamharibia. Aanze na konzi moja, iongezwe taratibu kila siku mbili tatu. Nafaka ya ghafla humvimbisha tumbo.

Akishazaa, dang'a ndiyo kipimo cha kazi yote hiyo. Mama aliyelishwa vizuri huwa nayo ya kutosha, na mtoto wa kilo mbili anahitaji kama mililita 100 ndani ya saa sita za mwanzo. Baada ya hapo kitu kinachosahaulika zaidi ni maji. Inashangaza, katika mji unaotazamana na ziwa lenye kina cha mita zaidi ya 1,400, kumkuta mbuzi anayenyonyesha mapacha amefungwa juani tangu asubuhi bila hata sufuria la maji.

Wafugaji wengi wa Ujiji wanalenga Idd el-Adha, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kama siku 11. Mwaka 2026 imeangukia mwishoni mwa Mei. Kwa wafuasi wa Shafii kondoo wa kuchinjwa awe ametimiza mwaka, mbuzi miwili, na ndiyo maana kuna wanaoshikilia kondoo hata pale ambapo majirani wote wana mbuzi. Hata hivyo, mwenye uwezo wa kumfungia beberu wake asimruhusu kupanda kati ya Machi na Mei, maana mimba za miezi hiyo huzaliwa Agosti hadi Oktoba, nyasi zikiwa zimekwisha. Zinazoshika Novemba na Desemba huzaliwa Aprili na Mei, majani yakingali mabichi, na hapo jiwe la kulamba peke yake huweza kutosha. Tatizo la mjini ni kwamba beberu wa jirani hana kalenda. Basi mbuzi anayeonekana na mimba kubwa mwezi wa Agosti fedha yake iende kwanza kwenye pumba na mashudu, pili kwenye chumvi yenye madini joto, na ikibaki, ndipo linunuliwe jiwe.