Mwelimishaji rika chuoni: Siri ya mwenzako ni amana

Mwanao akija likizo akakwambia, “Baba, nimechaguliwa kuwa mwelimishaji rika chuoni,” utamjibu nini? Wazazi wengi huguna. Wengine hudhani ni kazi ya kugawa kondomu, wengine huona ni kupoteza muda wa masomo. Makala haya yanakusudia kukuonyesha kazi hiyo ni ipi, na kwa nini inafaa kijana wa Kiislamu aifanye.

Mwelimishaji rika ni mwanafunzi aliyepewa mafunzo ya afya na ya namna ya kusikiliza, ili awasaidie wanafunzi wenzake. Si daktari, si sheikh, wala si askari wa bweni. Anahitajika kwa sababu kijana humwambia kijana mwenzake jambo ambalo hamwambii mzazi wala mwalimu. Swali ni hili: akishaambiwa, huyo mwenzake anajua la kufanya?

Tuchukue mfano wa kifua kikuu (TB), kwa kuwa msongamano wa bwenini huusaidia sana ugonjwa huu. Chumba cha watu wanne wanalala wanane kwa kubebana, na madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu na wezi. Kijana mmoja anakohoa, na hii ni wiki ya tatu. Usiku anatokwa na jasho hadi shuka linalowa. Suruali zinampwaya. Kila siku ananunua dawa ya kikohozi dukani na kuwaambia wenzake ni vumbi tu. Moyoni anaogopa. Akikutwa na TB, watu watasema ana UKIMWI, watamhama chumbani, na mitihani iko karibu.

Mwelimishaji rika mzuri humvuta pembeni baada ya swala ya Isha, akamuuliza hali, kisha akanyamaza amsikilize. Hamwambii “una TB,” maana hilo si lake kulisema. Humwambia kwamba mtu aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa makohozi, na kwamba kesho asubuhi watakwenda wote. Humweleza kuwa TB inatibika, kuwa Tanzania dawa zake hutolewa bure, na kuwa matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Humweleza pia kuwa TB na VVU ni vitu viwili tofauti, ingawa mgonjwa wa TB hushauriwa apime na VVU, kwani mara nyingi hufuatana. Kisha hukaa naye kwenye foleni. Ndugu msomaji, usidharau kukaa kwenye foleni. Wengi hugeuzia mlangoni kwa kukosa mtu wa kukaa naye.

Sasa majibu yametoka, ni TB kweli. Mgonjwa anasema, “Tafadhali, usimwambie mtu.” Lakini wenzake saba wamevuta hewa ile ile. Afanyeje?

Kutangaza ni khiyana. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa yanayosemwa kikaoni ni amana. Kunyamaza kabisa nako ni kuwaacha wengine katika madhara. Njia ya sawa ni kumsihi mgonjwa amtajie mhudumu wa afya watu anaolala nao, ili wahudumu wenyewe wawaite wapimwe. Hiyo ni kazi yao na wanajua kuifanya kwa staha.

Iko hali moja ambayo siri haiwezi kubaki kwa mwelimishaji peke yake: mwenzake akisema anataka kujiua. Hapo asimwache peke yake, na amfikishie habari mshauri wa wanafunzi au daktari saa hiyo hiyo. Mpaka huu auseme tangu mwanzo wa mazungumzo, ili asionekane msaliti.

Kazi haiishii hospitali. Baada ya miezi miwili mgonjwa hupata nguvu, akaona amepona, akaacha dawa. Hii ni hatari kubwa, kwa kuwa ugonjwa huweza kurudi ukiwa sugu kwa dawa. Ramadhani ikiingia, mwelimishaji asitoe fatwa. Ampeleke kwa daktari na kwa mwanachuoni, na amkumbushe kuwa ruhusa ya mgonjwa imo katika Surat Al-Baqarah, aya ya 184.

Haya pia yafundishwe nyumbani na bwenini:

1. TB huenea kwa hewa, mgonjwa wa mapafu anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza. Haienezwi kwa sinia, kikombe wala kupeana mikono. Kumtenga mtu kwenye chakula ni kumuonea bure.

2. Fungueni madirisha kila siku. Kama tatizo ni mbu, wekeni wavu.

3. Kikohozi na chafya vizibwe kwa kitambaa au kiwiko. Mtume (s.a.w.) alikuwa akifunika uso wake anapopiga chafya.

4. Kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni kunabaki palepale, kwa kuzuia kuhara na kipindupindu.

Na kijana wako naye awe na mipaka. Asitoe dawa. Mambo ya hedhi na uzazi ya wasichana yaachiwe waelimishaji wa kike. Mvulana na msichana wasijifungie chumbani kwa kisingizio cha ushauri, bali wakae mahali pa wazi. Tena asibebe matatizo ya bweni zima hadi naye akaanguka masomo. Awe na mkubwa wa kumuuliza, bila kumtajia jina la mtu.

Kwa hiyo, mzazi, mwanao akikuletea habari hiyo, mpe baraka zako. Kisha usimuulize, “Nani huko ana nini?” Akikataa kukujibu, ujue umelea mtu wa amana. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu, na foleni ya kupima makohozi ni mahali pamoja pa kulitekeleza hilo.

Wabillahi tawfiq.