Jino Limeshatibiwa, Mbona Linavimba Tena?

Toleo hili naomba tuongelee jino. Si jino lolote, ni lile ulilokwisha kutibiwa mzizi, ukalipa, ukaambiwa limekufa na halitauma tena, halafu baada ya mwaka au miaka mitatu ufizi unavimba. Langu lilinifanyia hivyo mwaka juzi, ndipo nikaanza kusoma. Mimi si daktari, nasomea uhandisi, lakini kumbe habari yenyewe ni ya mabomba na uvujaji.

Ndani ya jino kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kikioza, daktari hutoboa jino, hukitoa, husafisha mifereji ya mizizi kwa vijisindano na dawa ambayo ni ndugu wa Jik ya kufulia, kisha huijaza gutta-percha. Huu ni utomvu wa mti wa Asia ya Kusini-Mashariki, ule ule uliofunikia nyaya za telegrafu za chini ya bahari karne ya 19, ukiwemo waya uliofika Unguja mwaka 1879. Kazi yake ni moja: kuzuia kitu kisipenye.

Kwa nini kuzuia ni muhimu hivyo? Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya na kuyaacha wazi. Panya wa kawaida viini vyao vilioza na kutunga usaha. Wale waliokuzwa bila kijidudu hata kimoja walianza kupona wenyewe, ingawa chakula kilijaa tundu lile lile. Kwa hiyo adui si tundu, ni bakteria.

Basi, hurudije? Kwanza, huenda hawakuondoka wote. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina mifereji 4, na mmoja ni mwembamba mno, rahisi kuukosa. Pili, ukuta wa mzizi wenyewe una vijitundu maelfu kwa maelfu, na bakteria hujificha humo, au hujenga utando unaoteleza kama ule wa ndani ya bomba la maji. Mmoja anayekutwa mara nyingi kwenye meno yaliyorudia ni Enterococcus faecalis, anayeweza kukaa muda mrefu na njaa. Tatu, mfuniko wa juu unavuja: kuziba kumelegea, jino limepata ufa, au hukurudi kuvalishwa kofia ngumu.

Sasa hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Unakuta mtu ana pakiti ya amoxicillin aliyobeba kutoka nyumbani. Anameza siku tano, uvimbe unashuka, anasema nimepona, nitang'oa nikienda likizo. Jamani, dawa husafiri kwa damu, na jino lililokufa halina damu ndani. Vidonge hupunguza moto nje ya mzizi, lakini chanzo kimebaki ndani kimejifungia. Kitarudi. Tena jino kama hilo linaweza lisiume kabisa, ukaona tu kijipu kwenye ufizi kinachotoa usaha na kufunga. Hiyo si nafuu, ni bomba limepata pa kutolea maji.

Dawa halisi ni kuondoa chanzo. Daktari hupiga eksirei, kisha hulifungua jino na kulisafisha upya, au hukata ncha ya mzizi kupitia ufizi, au hulin'goa. Muulize: kuna mfereji uliokosekana? Jino lina ufa? Likisafishwa tena, nani atalivalisha kofia na lini? Ukimaliza, rudi baada ya mwaka upigwe eksirei nyingine, maana mfupa hujijaza polepole.

Kuhusu pesa: ada ya afya tuliyolipia viza haifuti malipo ya meno. Hapa England, tangu Aprili 2006 malipo ya NHS yamegawanywa madaraja matatu. Matibabu ya mzizi na kung'oa yako daraja la pili, ambalo Aprili 2025 lilikuwa pauni 75.30 kwa awamu nzima ya matibabu, si kwa kila ziara. Mwenye kipato kidogo ajaze fomu ya HC1 kuomba msaada. Ukikosa daktari na jino limekubana, piga 111.

Lakini uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukashindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, usingoje miadi. Piga 999 au nenda hospitali idara ya dharura, hata kama ni saa nane usiku na kesho una mtihani. Usaha wa jino ukifika huko unaweza kuziba njia ya hewa na kuua. Mtihani utarudiwa.