Gulio ni mara moja kwa juma, mtoto hula kila siku



Katika kliniki ya watoto huwa tunawauliza akina mama wanaotoka Nyakasimbi na vijiji jirani swali ambalo wengine hulishangaa: "Mama, gulioni ulikwenda lini?" Yeye amemleta mtoto ambaye uzito wake haupandi, nasi tunamwuliza habari za soko! Jibu kwa kawaida ni la namna moja. Gulio ni mara moja kwa juma. Siku nyingine mama hununua chumvi na kiberiti katika duka la jirani, na chakula chenyewe hutoka kibanjani. Tukiuliza mtoto alikula nini siku ya gulio, tunaambiwa ndizi kwa dagaa, au kwa nyama. Na kesho yake? Ndizi na mchuzi uliobaki. Siku ya tatu? Ndizi na maharage, kama yapo. Na jana? Ndizi na chumvi.

Juma la namna hiyo ndilo tunalotaka kulieleza mwezi huu. Familia nyingi zinazotujia si familia zenye njaa. Kibanja kipo, mkungu unakatwa, sufuria inajaa, na watoto wanakwenda kulala wameshiba. Kwa hiyo mama anapoambiwa kwamba mtoto wake ana upungufu wa chakula mwilini huona kama anasingiziwa.

Mwenye kibanja hudanganyika kwa urahisi

Ndizi ni chakula chema cha kutia nguvu, na hatuna nia ya kuisema vibaya katika nchi hii ya migomba. Lakini protini, ile inayojenga mwili wa mtoto, ni kidogo sana ndani yake. Kilo moja ya ndizi zilizomenywa ina protini ya gramu 10 hadi 13 tu. Mtoto wa miaka miwili anahitaji yapata gramu 13 kwa siku. Maana yake ni kwamba ingempasa amalize kilo nzima ya ndizi kila siku, na hata hapo angekuwa amefikia kwa shida. Tumbo lake haliwezi, kwa sababu kwa mlo mmoja hubeba kikombe kimoja hivi, likajaa. Anashiba kabla hajapata anachohitaji.

Ndiyo sababu mkoa wetu wa Kagera, ambao wageni huusifu kwa kijani chake mwaka mzima, umekuwa na watoto wengi waliodumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano hapa Kagera, takriban 42 walikuwa wamedumaa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 34. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta hali imekuwa nafuu, takriban 34 Kagera na 30 kwa nchi nzima. Tumepiga hatua. Hata hivyo mtoto mmoja kati ya watatu bado ni wengi mno, na kudumaa si urefu tu, kwani akili nayo hupungukiwa. Sehemu kubwa ya madhara hayo hutokea tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na baada ya hapo ni vigumu sana kuyarudisha nyuma. Ndani ya muda huo siku za gulio ni chache, na siku za ndizi na chumvi ni nyingi.

Fungu la dagaa ligawanywe kabla ya kupikwa

Wengine wakisikia hayo husema, basi dawa ni kwenda sokoni kila siku. Si hivyo. Mama mwenye shamba, maji ya kuteka na mtoto mgongoni hawezi kwenda Kayanga au Omurushaka kila siku, na nauli ya bodaboda ingemla fedha yote ya kitoweo. Kununua mara moja kwa juma si kosa hata kidogo. Taabu ni kwamba kinachonunuliwa kwa juma huliwa kwa siku moja.

Tuchukue dagaa. Kwa kuwa maji yamekwisha kuondoka, dagaa wakavu wana protini karibu mara tatu ya nyama mbichi ya uzito ule ule, na kwa kuwa huliwa na miiba yao humpatia mtoto madini ya mifupa ambayo nyama haina. Tena hawaozi upesi. Hakuna kitu cha gulioni kinachofaa zaidi kwa mtu anayenunua mara moja kwa juma. Lakini katika nyumba nyingi fungu lote hutiwa katika sufuria moja jioni ile ile, baba akapakuliwa kwanza, wageni wakafuata, na mdogo akapata mchuzi.

Tunashauri sehemu ya mtoto itengwe mara tu mfuko unapofunguliwa. Konzi mbili au tatu hivi, yapata gramu 100, zamtosha kwa juma zima. Zipepetwe ili mchanga utoke, zioshwe kwa maji ya moto, zikaushwe tena, kisha zikaangwe bila mafuta juu ya moto mdogo hadi zikatike kwa urahisi. Halafu zitwangwe na kuchekechwa, na unga wake uwekwe katika kopo safi lenye kifuniko. Mtoto aliyetimiza miezi sita atiwe kijiko katika ndizi zake zilizopondwa au katika uji unapokaribia kuiva. Aliyetimiza mwaka apewe vijiko viwili vya mezani kwa siku, ambavyo humpatia yapata nusu ya protini anayohitaji. Maziwa ya mama yaendelee hadi miaka miwili. Dagaa wenye harufu kali ya mafuta yaliyochacha, au walioota ukungu, wasinunuliwe hata kama bei ni rahisi. Karanga hali kadhalika, kwani ukungu wa karanga na mahindi huharibu ini, na kupika hakuuondoi sumu yake. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Chumvi na mafuta navyo vina neno. Chumvi yenye madini joto inayokaa wazi dukani, au katika kibuyu kisichofunikwa karibu na jiko, hupoteza madini yake kidogo kidogo. Yafaa inunuliwe ikiwa ndani ya pakiti yake, ifunikwe, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Mafuta ya kula ya viwandani huongezwa vitamini A kwa mujibu wa kanuni, lakini yale ya kupima yanayoanikwa juani katika chupa nyeupe hupungukiwa nayo. Chagueni duka linaloyaweka kivulini. Vitu hivi vikinunuliwa kidogo kidogo kila siku huwa ghali kuliko vikinunuliwa kwa pamoja, na asiyeweza peke yake aweza kuungana na jirani wawili watatu wa jumuiya yake, wanunue dumu moja wagawane. Tumeona akina mama wakifanya hivyo na hawakugombana.

Mboga za majani ni kinyume chake. Hizo hazifai kununuliwa gulioni kwa ajili ya juma. Mchicha ulioletwa nyuma ya bodaboda katika jua la saa saba, ukakaa ndani siku tatu, umebaki rangi tu, kwani vitamini C yake imekwisha kupotea kwa sehemu kubwa. Soko la mboga liwe nyuma ya jiko, yaani tuta moja la mchicha, moja la mnavu, matembele pembeni, na maboga yatambae yanakotaka kwa ajili ya majani yake. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, maji yaliyooshea vyombo yatosha kumwagilia gunia moja lililopandwa mboga. Zichumwe siku ile ile, zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe muda mfupi na kijiko cha mafuta. Na parachichi! Tunayauza kwa wachuuzi kwa bei ya bure huku mtoto anakula ndizi kavu. Robo ya parachichi kwa siku ni ya kwake. Mayai pia yauzwe yaliyobaki baada ya mtoto kupata lake, si kuyauza yote ili kununua soda.

Maharage yanayouzwa na kununuliwa tena

Jambo linalotuuma zaidi ni hili la maharage. Maharage tunavuna mara mbili kwa mwaka, na katogo la ndizi na maharage ni chakula ambacho babu na bibi zetu walikipatia hasa, kwani pungufu la ndizi hujazwa na maharage. Lakini mavuno yakiisha kukauka, mchuuzi na mzani wake yuko mlangoni. Bei ya wakati huo ni ya chini kwa sababu kila mtu anauza. Miezi mitatu baadaye familia ile ile inanunua maharage dukani kwa kilo, tena kwa nusu kilo, kwa bei ya juu. Kila mwaka tunafanya hivyo, na kila mwaka tunashangaa.

Hesabu yake si ngumu. Familia ya watu sita ikipika nusu kilo kwa siku itahitaji kilo 15 kwa mwezi, na kwa miezi sita kilo 90, yaani karibu gunia zima. Gunia hilo litengwe kabla mchuuzi hajakaribishwa kiti. Lianikwe hadi punje ikiumwa ipasuke kwa mlio, kisha liwekwe katika mifuko maalumu isiyopitisha hewa, au katika madumu makavu yaliyojazwa hadi juu na kufungwa barabara. Bungua wakikosa hewa hufa bila dawa. Asiyevuna gunia atenge alichonacho, hata debe moja, kwa ajili ya watoto wadogo na mama mjamzito.

Hapa akina baba nao wasome, maana ukurasa huu si wa akina mama peke yao. Fedha ya buni huja mara moja kwa mwaka, lakini chumvi, mafuta na dagaa vinahitajika miezi yote kumi na miwili. Katikati ya hapo huingia butura. Mtu ana mgonjwa, au ada ya shule, au hana kitoweo, na buni bado ni maua mtini. Anaiuza hivyo hivyo kwa bei ya kutupa. Serikali imeikemea butura miaka mingi na bado ipo, kwa sababu shida inayoizaa bado ipo. Hatutaki kumlaumu aliyeingia humo kwa ajili ya mgonjwa, kwani tunawaona wodini kwetu, na twajua hawakuwa na njia nyingine. Lakini wengine huingia kwa vitu vidogo vya kila juma ambavyo vingeweza kuwekewa akiba siku ya malipo ya buni. Fedha hiyo ikifika, baba na mama wakae pamoja, wahesabu kitoweo cha juma moja ni shilingi ngapi, wazidishe kwa majuma hadi mavuno yajayo ya maharage, na kiasi hicho kiwekwe kikobani au mahali pengine pasipofikika kwa urahisi. Kila siku ya gulio fedha ya juma iwe mkononi mwa mama asubuhi. Ikibaki kwa baba hadi jioni, rubisi huwa karibu zaidi kuliko dagaa.

Wapo wasiokuwa na kibanja cha kuwatosha. Wengine migomba yao iliharibiwa na mnyauko, ugonjwa ulioingia mkoani Kagera mwaka 2006, na vijana wengi wamegawiwa vipande ambavyo havilishi nyumba. Hao hufanya kibarua, hulipwa jioni, na hununua kila siku hata ndizi zenyewe. Kwao ushauri wa gunia na dumu hauwafai sana, nasi tunajua. Wao waangalie mpangilio wa kununua. Aliyepata kidogo anunue kwanza ndizi au unga, halafu dagaa au maharage, na sukari iwe ya mwisho. Mara nyingi tunaona sukari imenunuliwa kwanza kwa sababu ya chai ya asubuhi, na dagaa wakakosa nafasi.

Tumalizie na nyama ya gulioni, kwa kuwa tunaulizwa mara kwa mara. Inunuliwe ile yenye muhuri wa mkaguzi, mapema, kabla ya jua kali na nzi. Jioni ile ile ichemshwe yote, hata ya kesho, na ifunikwe mahali penye ubaridi. Kesho yake asubuhi ichemshwe tena hadi itokote, na kabla ya kuliwa vivyo hivyo. Isivuke siku hiyo ya pili, na mtoto apewe nyama yenyewe iliyokatwa vipande vidogo sana, si mchuzi tu.