Fungua Nibu Kabla ya Kushika Msasa

Itikise kalamu karibu na sikio. Ikitoa mlio mkavu, kama punje chache ndani ya kibuyu, usiirudishe kwenye meza ya muuzaji. Unachokisikia ni kimpira cha wino kilichokauka kikavunjikavunjika, na katika kalamu ya kale hicho ni kitu rahisi kubadilisha. Wauzaji wengi wa vitu vikuukuu hawalijui hilo. Kalamu isiyovuta wino wanaiita mbovu, bei inashuka, na anayejua anaondoka nayo. Kalamu zangu nyingi nimezipata hivyo.

Mtu anayetaka kuanza kukusanya akiniuliza aanze na ipi, jibu langu halijabadilika kwa miaka: Esterbrook J ya Marekani, ya miaka ya 1940 na 1950. Haina nibu ya dhahabu wala pete za thamani. Ilikuwa kalamu ya karani, ya mwanafunzi, ya mwenye duka anayejaza daftari la wadeni. Zilitengenezwa kwa wingi, kwa hiyo hadi leo zinapatikana, nyekundu, kijani, buluu, kijivu na rangi ya shaba, zenye mawimbi yanayong'aa ndani ya plastiki kama kome aliyelowa maji. Kuna J yenyewe iliyo nene, LJ iliyo ndefu vilevile lakini nyembamba, na SJ iliyo nyembamba na fupi. Mimi napenda J, kwa sababu mkono wangu ni mkubwa na kalamu nyembamba hunichosha vidole.

Kwa nini hii na si nyingine? Sababu iko kwenye asili ya kiwanda. Richard Esterbrook alikuwa Mwingereza wa Cornwall aliyehamia Marekani, na mwaka 1858 akaanzisha kampuni ya kutengeneza nibu za chuma. Kiwanda kilikuwa Camden, New Jersey, ng'ambo ya mto Delaware ukitokea Philadelphia. Kwa zaidi ya miaka 70 kampuni ile iliishi kwa nibu za kalamu za kuchovya, zile ambazo mwandishi anatumbukiza kidauni kila baada ya maneno machache. Ilipoingia kwenye kalamu zinazobeba wino ndani, miaka ya 1930, iliingia na akili ya mtu wa nibu. Muuza nibu anajua kwamba nibu ya chuma huchakaa, na kwamba mikono ya watu haifanani. Kwa hiyo wakaitengeneza nibu pamoja na kipitisha wino chake iwe kipande kimoja, kinachofunguliwa kwa vidole na kufungwa kama kifuniko cha chupa ya maji. Walikiita Renew-Point. Ulikuwa unanunua kalamu moja, kisha unanunua nibu unayoitaka kwa namba yake.

Ukizijua namba hizo umemaliza nusu ya kazi. 1550 ni nyembamba na ngumu, ya watu wa vitabu vya hesabu. 2668 ni ya wastani, ya maandishi ya kila siku, na ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi. 2284 ni pana, imekatwa bapa, ya kutia sahihi. 9128 ni nyembamba inayotanuka ukiikandamiza. Hiyo ni adimu, na anayeiuza akijua alichonacho atakutajia bei kubwa kuliko ya kalamu nzima. Namba inayoanza na 9 ina maana kubwa kuliko zote, nami nitairudia.

Kabla ya hapo, jambo moja la historia ninalolipenda. Tarehe 2 Julai 1964 Rais Lyndon Johnson alipotia sahihi Sheria ya Haki za Kiraia, alitumia kalamu zaidi ya 70, akizigawa kwa waliokuwapo, Martin Luther King akiwa mmojawapo. Zilikuwa Esterbrook. Kalamu ya bei ya chini ndiyo iliyofaa, maana ilikusudiwa kutolewa. Miaka michache baadaye, mwaka 1967, kampuni iliunganishwa na Venus, watengenezaji wa penseli, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikafungwa. Bolpeni zilikuwa zimeshashinda.

Tuingie ndani sasa. Kalamu ya wino ni mashine ya kubadilishana wino na hewa. Ufa mwembamba wa nibu huvuta wino kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa, na karatasi nayo inavuta kutoka kwenye ufa. Kila tone linapotoka, ndani ya kimpira hubaki upungufu, na hewa hupanda kwa mfereji ulio chini ya nibu kujaza nafasi. Mfereji ukiziba kwa wino mkavu, hewa haipandi, na kalamu inaandika mstari mmoja kisha inanyamaza. Watu huilaumu nibu, wakati nibu haina kosa. Kinyume chake, kimpira kikibaki na wino kidogo na hewa nyingi, joto la kiganja huitanua ile hewa, nayo inausukuma wino nje hadi unadondoka karatasini. Ndiyo sababu kalamu ya kale huchafua vidole inapokaribia kwisha. Ijaze mapema, tatizo limekwisha.

Kujaza kwenyewe kunafanywa kwa wenzo mdogo ulio ubavuni. Ukiuinua, unakandamiza utepe wa chuma ulio ndani, utepe unakibana kimpira, hewa inatoka. Ukiuachia, kimpira kinafura na kuvuta wino. Walter Sheaffer alipata hataza ya wenzo wa namna hiyo mwaka 1908, na nusu ya dunia ikaufuata. Udhaifu wake ni kimpira chenyewe: ni mpira wa asili, na baada ya miongo kadhaa hugeuka jiwe au gundi.

Kukibadilisha ni kazi ya jioni moja. Kwanza toa nibu, uiloweke katika maji ya kawaida. Kisha pasha joto mahali shingo inapoingia mwilini, kwa mashine ya kukaushia nywele, kamwe si kwa kiberiti wala jiko. Kalamu nyingi za zamani ni za seluloidi, na seluloidi hushika moto upesi sana. Joto liwe lile ambalo kidole kinavumilia. Vuta shingo polepole huku ukiiyumbisha kidogo kidogo. Isipokubali, pasha tena. Anayetumia nguvu hupasua mdomo wa mwili, na ufa huo hauna dawa.

Ikitoka, kung'uta masalia, kisha kwangua kwa kijiti cha mbao mpaka ndani pawe safi. J inatumia kimpira namba 16. Namba hizi nazo zina maana: ni kipenyo kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo 16 ni robo inchi, kama milimita 6.35. Kipime kando ya mwili, ukikate kiwe kifupi kidogo, kisije kikagota mwisho wa kalamu na kujikunja. Paka gundi ya shelaki kwenye kishina cha shingo, vuta mdomo wa kimpira uuvishe, acha mpaka kesho yake. Shelaki inafaa kwa sababu fundi atakayekuja baada yako ataweza kuifungua kwa joto. Gundi kali ya dukani itamfanya akulaani. Kipake kimpira poda isiyo na manukato kisigandie chuma, rudisha shingo, na ujaze maji kwanza, si wino.

Tahadhari moja niliyoilipia mwenyewe: usiiloweke kalamu nzima. Nilikuwa na kalamu ya eboniti nyeusi ya miaka ya 1920, nikailaza majini usiku kucha ili shingo ilegee. Asubuhi niliikuta ya kahawia, imefifia kama kanzu iliyoanikwa juani mwaka mzima. Eboniti ni mpira uliopikwa kwa salfa, na maji huigeuza rangi. Weusi ule haukurudi.

Watu wanaopenda kalamu huanza kwa matengenezo haya ya kimpira, lakini hamu yao hasa iko kwenye nibu. Wanataka iandike kwa upana, au kwa ulaini, au herufi ziwe na unene na wembamba. Mara moja wanatafuta msasa. Hapo ndipo ninapowashika mkono.

Nibu za Esterbrook zinazoanza na 1 au 2 hazina punje ya madini magumu kwenye ncha. Kiwanda kilichukua chuma chenyewe cha nibu kikakikunja mwishoni, kikawa kinundu. Chini ya ngozi ile hakuna kitu kingine. Ukiisugua, unakwangua mkunjo, na mara unaufikia upande wa pili: ncha inabaki kama ukingo wa kopo lililofunguliwa vibaya, inachana karatasi. Zile zinazoanza na 9 zimechomewa ncha ya aloi ya osmiamu na iridiamu, madini ya jamii ya platini, magumu kiasi cha kustahimili kusuguliwa. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote isome namba. Na ikiwa ni 9128, iache kabisa. Nibu hizo haziongezeki.

Njia bora ni kubadilisha badala ya kukwangua. Unataka mwandiko mpana? Fungua 2668, funga 2284. Na kuna siri inayowafurahisha wote ninaowaonyesha: nibu za Osmiroid, kalamu za shule za Uingereza zilizotengenezwa Gosport, zina skrubu inayoingia barabara kwenye Esterbrook. Osmiroid walitengeneza nibu za kufundishia mwandiko wa italiki, bapa na kali. Kalamu ya karani wa Marekani inavaa nibu ya mtoto wa shule wa Kiingereza, na kesho ukitaka unairudisha kama ilivyokuwa. Marekebisho yasiyoacha kovu ndiyo ninayoyaheshimu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataniuliza habari za Hero, kalamu ya Shanghai ambayo wengi wetu tulianza nayo. Ni kalamu njema, na kampuni yake ina asili ya mwaka 1931. Lakini Hero 616, kama ilivyo Parker 51 inayofanana nayo, imeficha nibu ndani ya kofia ya plastiki. Kuifikia lazima uifungue ile kofia, kisha uing'oe nibu iliyobanwa ndani. Si ya kujifunzia. Na kwa Esterbrook, mtu asikushauri utupe kimpira umimine wino moja kwa moja mwilini: ubavuni kuna tundu la wenzo, wino wote utaishia mfukoni mwako.

Ikiwa nibu inakwaruza, chukua lenzi ya sonara ya kukuza mara 10 uitazame kwa mbele. Mara nyingi utaona midomo miwili ya ncha haiko sawa, mmoja umepanda juu ya mwingine kwa unene wa unywele. Ukandamize ule wa juu kwa ukucha, utazame tena. Watu wametia msasa nibu ambayo ilihitaji ukucha tu. Ikiwa midomo iko sawa na bado kuna ukali, ndipo ushike msasa laini sana, namba 12,000, uandike juu yake herufi inayofanana na 8 mara tano au sita, bila kukandamiza, kisha ujaribu karatasini. Mara tano, si hamsini. Ukizidisha, kingo za ndani za ufa huviringika, wino unabaki umening'inia juu bila kuigusa karatasi, na kalamu inaruka mstari wa kwanza wa kila neno. Nibu ya namna hiyo inateleza vizuri sana na haiandiki.

Anayetaka kuikata nibu bapa kwa kinoo na aifanye, juu ya nibu ya 9 iliyo nyingi sokoni, akijua anatafuta nini. Kazi yenyewe ni ya kale kwetu. Neno kalamu limetufikia kwa Kiarabu kutoka neno la Kiyunani la utete, na waandishi wa tenzi wa pwani walikuwa wakiikata ncha ya utete wenyewe. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na mchonga milango aliyenakili miswada mingi, aliishi kwa mkono wa namna hiyo. Ncha iliyokatwa bapa mraba huinenepesha mistari inayoshuka na kuikondesha inayolala, na hilo linafaa herufi za Kilatini. Hati ya Kiarabu inataka unene zaidi kwenye mistari inayolala, kwa hiyo hukatwa kimshazari. Mtu akiniletea nibu niikate, swali langu la kwanza ni anaandika hati gani.

J iliyo mezani kwangu sasa ni ya kijani. Ilikuja na 2668 iliyochakaa upande mmoja kwa mkono wa mtu ambaye sitamjua, aliyeinamisha kalamu kulia kwa miaka. Nimeifungia Osmiroid ya italiki. Ile ya zamani nimeiosha, nikaikausha, nikaikunja ndani ya kikaratasi na kuandika juu yake namba yake, rangi ya kalamu iliyotokea, na neno "kulia".